Ng'ombe wa Wastani

Asubuhi hiyo Alistidia alikuwa akikata majani makavu ya migomba upande wa juu wa kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani, pale Kyamuhanga, kijiji kidogo juu ya Kagoma, wakati ng'ombe mmoja na sehemu ya mwingine walipoingia uani. Yule mzima alitangulia. Alikuwa wa kahawia, mwenye pembe fupi na chapa ya jembe dogo pajani. Yule mwingine alifuata polepole, kwa sababu alikuwa na miguu ya mbele tu. Kichwa kilikuwepo, shingo, kifua na mbavu chache, kisha aliishia hapo, kama picha iliyokatwa kwa mkasi. Hapakuwa na damu wala kidonda. Alisimama vizuri tu, akaanza kula majani ya viazi vitamu.

Alistidia aliweka panga chini, akanawa mikono kwenye dumu, akaenda kuwakatia majani.

Kwao ng'ombe anayeingia uani hafukuzwi. Anapewa majani mabichi, maji, na moshi wa kumwondolea nzi, ndipo mwenye nyumba anaanza kuuliza ni wa nani. Mara nyingi ni wa mtu wa mbali anayetafuta pa kumfugisha: mwenye ng'ombe atachukua ndama, mfugaji atabaki na maziwa na samadi. Siku mwenye mali akija kuulizia, mfugaji hujibu kwamba hajambo, anakula. Hata kama mnyama amekonda mbavu zinahesabika, jibu la kwanza ni hilo. Mengine husemwa mgeni akishaketi. Alistidia alilelewa hivyo, na hakuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya ng'ombe ambaye hakutimia.

Banda lilikuwa tayari. Alilijenga mwenyewe mwezi wa tatu, kwa miti ya mkaratusi na bati kuukuu, akaweka hori na kupanda kitalu cha majani ya tembo nyuma yake, kwa sababu shirika moja lilikuwa limeahidi kugawa mitamba pale kijijini. Anayepewa mtamba angerudisha ndama jike wa kwanza, naye apewe jirani. Wageni wa shirika walipita wakaona wenyewe: tangu ndigana, ile homa ya kupe, ipite, ng'ombe waliobaki Kyamuhanga walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Bihogo, ng'ombe wa Alistidia, alikufa nayo akiwa na mimba. Jina la Alistidia lilitajwa la kwanza kabisa.

Si maziwa aliyokuwa akiyasubiri. Kibanja kisicho na samadi kinakufa kidogo kidogo, na chake kilikuwa kimeanza. Migomba ilikuwa imekuwa myembamba kama ya kuchora, mikungu ilitoka na chane tatu, na upepo kidogo tu uliiangusha. Shemeji yake Rweyemamu, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Rwamishenye mjini Bukoba, alikuwa amesema kwenye kikao cha ukoo kwamba kibanja cha marehemu kaka yake kikigeuka kuwa rweya, yaani nyika ya nyasi tupu, hakuna haja ya kukiacha mikononi mwa mtu aliyeshindwa. Alisema kwa upole. Watu wa ukoo walitikisa vichwa kwa upole vilevile. Wakampa mama huyo mwaka mmoja.

Kwa hiyo alipowaona wale ng'ombe wakitafuna, Alistidia alifikiria samadi kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Kabla ya saa nne ilijulikana kwamba kila kaya Kyamuhanga imepata wake, mmoja mzima na sehemu ya mwingine, wote na chapa ya jembe. Katekista alipata, mwinjilisti wa Kilutheri naye alipata. Bibi kipofu wa karibu na kisima alipata, akawapapasa, akasema wa pili ameishia njiani. Mwalimu Mwesiga, kijana wa Biharamulo aliyepanga chumba kimoja na hakuwa na hata kuku, alipata naye, kwa sababu kwa hesabu za serikali yeye pia ni kaya. Yule mzima alimfunga nje. Sehemu akaiingiza ndani kwa sababu ya mvua, akaifunga kwenye mguu wa kitanda, na wanafunzi wakamtania kwamba sasa hatalala peke yake.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwaka uliotangulia, mvua ya wastani iliyotangazwa kwa wilaya nzima ilinyesha yote juu ya paa la ofisi ya kata, na watu walikwenda na ndoo zao wakakinga. Mwenyekiti wa kijiji, Onesphory, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na kofia yake mkononi, akaona ni ng'ombe, akasema atampigia simu daktari.

Daktari alikuwa Joanitha, afisa mifugo wa kata, binti mwembamba mwenye sauti ndogo aliyemaliza chuo miaka miwili nyuma. Alipanda kutoka Kagoma kwa miguu, kwa kuwa pikipiki ya ofisi haikuwa na mafuta tangu Pasaka. Akaanzia kwa Alistidia. Alimzunguka yule mzima, akachuchumaa nyuma ya yule ambaye hakuwa na nyuma, akainuka na kufuta magoti yake.

"Ma Alistidia," alisema, "hawa ni wa wastani."

Alieleza kwa sauti yake ile ile, akiangalia chini. Bukoba walihitaji idadi ya ng'ombe wa kila kijiji ili mitamba igawanywe. Idadi hiyo haikuwepo, maana ili iwepo mtu lazima apande vilima ahesabu, na kupanda vilima kunataka mafuta. Joanitha aliomba mafuta mara nyingi. Kilichokuwepo ni idadi ya ng'ombe wa mkoa wote. Basi mtaalamu mmoja aliichukua hiyo, akaigawanya kwa kaya zote za mkoa, akapata ng'ombe mmoja nukta nne kwa kila kaya, kisha akakipa kila kijiji kadiri ya kaya zake. Kyamuhanga kina kaya mia mbili na kumi. Kikaandikiwa ng'ombe mia mbili tisini na wanne, na sasa walikuwa wamefika.

"Na huyu nukta nne," Alistidia aliuliza, "anakunywa maji?"

Joanitha alisema hajui, chuoni hawakufika huko. Yule wa sehemu alikunywa. Maji yaliingia mdomoni na hayakutokea popote.

Chapa ya jembe Joanitha aliijua. Alifanya mafunzo ya vitendo kwenye ranchi moja ng'ambo ya mto Kagera, maelfu ya ng'ombe wa mtu mmoja anayeishi Dar es Salaam na kuja mara moja kwa mwaka akiwa na miwani ya jua, na chuma cha jembe lile ndicho alichokuwa akikishika kikiwa chekundu kwa moto. Alimpigia simu meneja wa ranchi kumuuliza kama wamepotelewa. Meneja alimkumbuka, akamsalimia vizuri. Alisema hakuna aliyepotea hata mmoja, wako wote pale, wanalamba chumvi.

"Sisi tunao ng'ombe," alisema. "Hao wenu ni wastani wetu. Kaeni nao."

Wakakaa nao.

Wiki ya kwanza yaliisha majani ya tembo. Ya pili watu walipanda rweya na mundu na kuwaletea nyasi zilizokusudiwa kutandazwa mashambani. Ng'ombe wale walikula kama ng'ombe yeyote, na yule wa sehemu alikula kuliko mzima, kwa kuwa hakuwa na tumbo la kujaa. Kila alfajiri Alistidia aliingia bandani na koleo na beseni, na kila alfajiri alikuta sakafu safi kama ya kanisa siku ya Jumamosi. Hapakuwa na mavi wala mkojo. Alikamua chuchu za yule mzima, zilikuwa laini na zenye joto, na kwenye kibuyu hakikuingia kitu. Alijaribu tena kesho yake. Aliendelea kujaribu kwa siku nyingi, kwa aibu ya kuacha.

Onesphory alimchinja wake mzima kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binti yake. Alichinjika, alichunika, nyama ikajaza masufuria mawili na ilinukia kama nyama. Watu walikula na ndizi, wakasifu, wakafuta midomo. Jioni moshi ulitoka katika kila nyumba ya kijiji, kwa sababu wageni wote walikuwa wamerudi kwao kupika, wakiwa na njaa ile ile. Asubuhi ng'ombe alikuwa amesimama mahali pake, maana idadi haikuwa imebadilika. Mwingine aliwapeleka wake mbali, bonde la pili, akawaacha. Kabla hajafika nyumbani walikuwa wameshafika wao.

Rweya ilipokwisha, Alistidia alianza kuwakatia majani mabichi ya migomba yake, halafu magogo yake, yale ambayo huachwa yaoze chini ili udongo upate kitu. Alijua anachokifanya. Alikuwa anakichukua kibanja kidogo kidogo na kukitia katika midomo ambayo haikurudisha chochote. Lakini walikuwa uani kwake, na walimtazama.

Tarehe ya uhakiki wa ng'ombe ilipotangazwa, Joanitha aliwakusanya watu nyuma ya zahanati. Hakuwa amewahi kuhutubia, na mikono yake haikujua pa kukaa. Aliwaomba kitu kimoja tu. Mtaalamu atakapofika na watu wa shirika na kuuliza, kila kaya iseme ukweli, kwamba haina ng'ombe. Wakisema hivyo mitamba itakuja. Wasiposema, haitakuja. Watu walikubali. Alistidia alikubali, akarudia sentensi hiyo njia nzima akirudi nyumbani, kama mtoto anayetumwa dukani.

Mtaalamu aliitwa Aristides. Alikuja kutoka Bukoba kwa gari nyeupe, akiwa na watu wawili wa shirika, na alikuwa amevaa raba nyeupe. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake alikuwa Mhaya wa Kamachumu, na alijua namna ya kuingia katika nyumba za watu. Hakuuliza, mnao ng'ombe wangapi. Mtu mwenye adabu haulizi hivyo. Alisimama mlangoni mwa kila ua, akavua kofia, akasalimia kwa Kihaya, kisha akauliza kama ambavyo mwenye mali huuliza anapokuja kutazama mnyama wake:

"Ng'ombe hajambo?"

Na kwa Onesphory walijibu, hajambo, anakula. Kwa katekista walijibu, hajambo, anakula. Bibi kipofu alisema hajambo, anakula sana. Lilikuwa jibu la baba zao na babu zao, lilitoka kabla mtu hajafikiri, na likishatoka haliwezi kurudishwa mbele ya mnyama mwenyewe aliyesimama akisikiliza. Mwalimu Mwesiga peke yake, ambaye kwao ni kwingine, alisema hana ng'ombe. Aristides alichungulia chumbani, akamwona aliyefungwa kitandani, akamwambia mwalimu kwamba si vizuri kudanganya maafisa.

Joanitha alitembea nyuma yao kijiji chote. Alipoona nyumba zimebaki chache alijitokeza mbele, akasema kwa sauti yake ndogo.

"Mkuu, hawa si ng'ombe. Ni makadirio."

"Makadirio yako kwenye karatasi, Joanitha," Aristides alisema. "Hawa nawaona."

Walifika kwa Alistidia. Alikuwa amesimama wima kando ya hori, amevaa kitenge cha kanisani. Aristides alivua kofia, akasalimia, akauliza. Alistidia alifungua mdomo na kusikia sauti yake ikisema, hajambo, anakula.

Kisha akafanya jambo ambalo mama yake asingelifanya. Alimshika mgeni mkono kabla hajaketi, akamwingiza bandani.

"Waitu, mheshimiwa, tazama chini," alisema. "Wanakula tangu mwezi uliopita. Wamemaliza majani ya tembo, wamemaliza rweya, sasa wanakula migomba. Niambie, mavi yako wapi?"

Aristides alitazama chini. Watu wa shirika walitazama pia. Sakafu ilikuwa safi, na katika usafi huo zilionekana raba zake nyeupe. Alikuwa ametembea kijiji kizima chenye ng'ombe kila ua, kuanzia asubuhi, na hazikuwa na doa.

"Mama," alisema, na alisema kwa heshima, "mavi hatuhesabu. Tunahesabu vichwa."

Akahesabu. Yule wa sehemu alikuwa na kichwa, kwa hiyo alihesabiwa mzima. Ilikuwa hivyo kwa kila kaya, na jioni Kyamuhanga kilikuwa na ng'ombe mia nne na ishirini, mbali na wale wachache wa zamani, ambao hakuna aliyewaulizia kwa sababu walikuwa malishoni. Kabla ya kuondoka Aristides alimpongeza mwenyekiti. Alisema ni vijiji vichache vyenye mifugo namna ile, na kwamba shida yao inayoonekana ni malisho, wawe waangalifu wasifuge kupita kiasi.

Mgao wa mitamba ulipangwa mwezi uliofuata. Shirika lilitaka ipelekwe mahali ambapo nyasi ni nyingi na ng'ombe ni wachache, na hilo ni jambo la busara. Wakatafuta katika takwimu mahali palipo hivyo mkoa mzima. Vijiji vyote vilikuwa vimejaa. Pakapatikana mahali pamoja tu, ng'ambo ya mto Kagera, ardhi ambayo mtu hawezi kuimaliza kwa jicho, nyasi hadi kiunoni, na kaya tano tu, ya meneja na za wachungaji wake. Kaya tano kwa moja nukta nne ni ng'ombe saba. Ng'ombe saba katika nchi yote ile. Mitamba yote ikaelekezwa huko.

Joanitha aliandika kwamba hapo si pahali pa ng'ombe saba, ameshika moto wa chapa kwa mikono yake. Alijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Aliandika tena. Safari hiyo alijibiwa kwamba afisa wa kata hushughulika na mambo ya kata yake. Alikwenda Bukoba kwa nauli yake, akakaa kwenye benchi siku nzima, na alipoingia, Aristides alimkaribisha chai na kumwambia, kwa huruma ya kweli, kwamba yeye mwenyewe anajua ranchi ile, hata Krismasi hununua nyama yake huko. Lakini takwimu zikishapitishwa zimepitishwa. Mtu hawezi kubadilisha namba kwa sababu amemwona ng'ombe.

Rweyemamu alikuja mwaka ulipotimia, na wazee wawili wa ukoo. Walikizunguka kibanja. Migomba ya upande wa juu ilikuwa imelala yote, na nyasi zimeanza kuota katikati. Kisha wakafika bandani, Rweyemamu akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Shemeji," alisema, "ng'ombe wawili bandani, na migomba inakufa. Sasa tuseme nini?"

Alistidia alimwambia walikotoka na kwamba hawatoi samadi. Alimwambia yote, toka mwanzo. Rweyemamu alisikiliza mpaka mwisho, na alisadiki kila neno, kwa kuwa dukani kwake pia kulikuwa na mifuko ya saruji ya namna hiyo, iliyohesabiwa na isiyojenga kitu. Lakini alisema ukoo unaona ng'ombe, kijiji kinaona ng'ombe, na serikali imehesabu ng'ombe. Mwanamke mwenye ng'ombe wawili ambaye kibanja chake kimekauka hana cha kujitetea. Walipima kwa hatua, wakapanda mimea ya mpaka kuanzia njiani hadi nyuma ya kaburi la mumewe. Upande wa juu ukarudi kwa ukoo. Kaburi walimwachia.

Lori la mitamba lilipita Kagoma siku ya gulio, likitoka kusini kwenda Bukoba na ng'ambo ya mto. Dereva alisimama kununua ndizi za kuchoma. Mitamba ilikuwa imejipanga kiuno kwa kiuno, myeusi na myeupe, macho makubwa, na kupitia mbao za lori yalidondoka mavi barabarani, mengi, mabichi, yakitoa mvuke. Alistidia alikuwa amekwenda kuuza maharage. Aliyamwaga maharage kwenye kanga, akachukua beseni, akapiga magoti kando ya gurudumu na kuanza kuyazoa kwa mikono. Wanawake wengine wa Kyamuhanga walikuja na vyombo vyao. Hawakugombana. Dereva alitafuna ndizi yake, akawauliza kwa utani, akina mama wenye ng'ombe mia nne, mavi ya ng'ombe wa watu mnayatakia nini. Joanitha alitoka ofisini, akapiga magoti pamoja nao, na alipoona beseni la bibi kipofu ni jepesi akalijazia.

Beseni la Alistidia lilitosha shina moja la mgomba. Alilimwaga kwenye shina la karibu na kaburi.

Kule ranchi mitamba ilinenepa, ikazaa, na ndama wakapigwa chapa ya jembe. Idadi ya ng'ombe wa mkoa ikapanda, ikagawanywa tena kwa kaya zote. Asubuhi moja Alistidia aliingia bandani na koleo lake, akakuta sakafu safi, na akaona kwamba yule wa sehemu ameongezeka mbavu mbili.

Akatoka kwenda kutafuta majani zaidi.